Mwenzako Akianguka, Nani Amwinue?

Leo nataka tuanze na bomba la maji. Karibu kila shule ina bomba moja nyuma ya mabweni ambalo halifungwi vizuri. Maji yanatiririka tangu kengele ya alfajiri hadi wakati wa gwaride, na wanafunzi mia mbili wanapita hapo na ndoo na miswaki yao. Wote wameyaona. Wote wanajua kwamba tangi likikauka Ijumaa, shida ni yetu sote. Lakini wapi! Bomba halifungwi. Sasa chukua bomba lilo hilo, ulipeleke nyumbani kwenu, uani, mahali ambapo hakuna mtu ila wewe na nyanya yako. Dakika mbili haziishi kabla hujainuka ukalifunga. Je, ina maana kwamba tabia yako ilibadilika njiani ukienda likizo? La hasha! Wewe ni yule yule. Kilichobadilika ni idadi ya watu wanaolitazama bomba, na yale unayoyadhania juu yao.

Wahenga wetu waliyaona haya zamani, ndiyo maana methali zao hazikubaliani. Upande mmoja walituambia kwamba umoja ni nguvu na kwamba mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Upande wa pili wakatuambia kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani mzigo ulio kichwani mwa mwingine huuoni uzito. Sasa tushike ipi? Mimi naona zote ni kweli. Kundi la watu laweza kuinua gari lililomlalia mtu, na kundi lilo hilo laweza kusimama kando likitazama. Katika makala haya nitaeleza mambo matatu yanayoligeuza kundi upande huu au ule: wingi wa watu, desturi wanayoifuata, na jibu wanalolitoa wakiulizwa "sisi ni akina nani?" Mwishoni nitasema kwa nini mambo haya yanatuhusu sisi tunaolala mabwenini.

Macho mengi, mikono michache

Mnamo Machi 1964, mwanamke kijana kwa jina Kitty Genovese alishambuliwa kwa kisu usiku karibu na nyumba yake jijini New York, Marekani, akafa. Majuma mawili baadaye gazeti la The New York Times liliandika kwamba majirani 38 waliliona tukio hilo wasifanye lolote. Watu walishtuka sana. Miaka mingi baadaye habari hiyo ilichunguzwa upya, ikabainika kwamba gazeti lilitia chumvi. Wengi wa majirani hao walisikia kelele tu wasielewe ni za nini. Mmoja alipaza sauti kutoka dirishani na kumfukuza mshambulizi kwa muda, na mwanamke mwingine alishuka ngazi akampakata majeruhi hadi gari la wagonjwa lilipofika. Hivyo msomaji wangu, ukimsikia mtu akisimulia kisa hiki kama ushahidi kwamba watu wa mjini hawana utu, mwambie apunguze chumvi.

Hata hivyo swali liliwakaa watu moyoni. Wataalamu wawili wa saikolojia, John Darley na Bibb Latané, walitaka kujua kama kweli wingi wa watu hupunguza msaada. Mwaka wa 1968 walitoa matokeo ya majaribio yao. Mwanafunzi wa chuo kikuu aliwekwa peke yake katika chumba kidogo, akaambiwa azungumze na wenzake walio katika vyumba vingine kwa kipaza sauti. Katikati ya mazungumzo, mmoja wao alianza kugugumia na kuomba msaada kana kwamba ameshikwa na kifafa. (Sauti hiyo ilikuwa imerekodiwa; hakuna aliyekuwa mgonjwa.) Wale walioamini kwamba wao tu ndio wanaomsikia mgonjwa, asilimia 85 walitoka mbio kutafuta msaada kabla sauti haijanyamaza. Walioamini kwamba kuna mtu mmoja mwingine anayesikia, asilimia 62 ndio waliotoka. Na walioamini kwamba kuna wengine wanne, ni asilimia 31 peke yake.

Maana yake ni nini? Wajibu hugawanywa kama mkate wa asubuhi. Ukiwa peke yako mkate mzima ni wako. Mkiwa watano, kila mmoja anapewa kipande, na kipande chenyewe ni chembamba kiasi cha kutiwa mfukoni na kusahauliwa. Kila mtu anasema, "Lazima kuna mwingine ambaye ameshaenda." Basi hakuna anayekwenda.

Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu. Wataalamu hao walipoingia katika vyumba vya wale ambao hawakutoka, hawakukuta watu wamekunja nne wakistarehe. Waliwakuta mikono inawatetemeka, viganja vimelowa jasho, wakiuliza kama yule mgonjwa yuko salama. Hawakuwa na mioyo ya mawe. Walikuwa bado wanajiuliza wafanye nini, na wakati ukawapita.

Kutazamana usoni

Jambo la pili ni hili. Binadamu akiwa hana hakika, huangalia nyuso za wenzake. Jaribio jingine la wataalamu hao lilikuwa la moshi. Wanafunzi waliketi wakijaza karatasi za maswali, na moshi ukaanza kuingia chumbani kupitia tundu la ukutani. Waliokuwa peke yao, asilimia 75 waliinuka wakaenda kutoa habari. Lakini mwanafunzi alipoketishwa na watu wawili waliokuwa wamepangwa mapema wasijali, asilimia 10 tu ndio walioinuka. Waliobaki waliendelea kuandika huku wakikohoa na kupangusa macho! Walipoulizwa baadaye, walisema walidhani ni mvuke au ni hitilafu ya mtambo wa kupoza hewa. Yaani nyuso tulivu za watu wawili ziliwafanya wakatae yale ambayo macho yao wenyewe yalikuwa yanawaambia.

Usiwacheke. Sisi tunalifanya jaribio hili kila siku darasani. Mwalimu wa hesabu anamaliza kueleza, anageuka na kuuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima linajibu, "Ndiyooo!" Ukweli ni kwamba watu thelathini hawajaelewa hata mstari mmoja. Lakini kila mmoja anawatazama wenzake, anaona hakuna aliyeinua mkono, anajiambia, "Kumbe mjinga ni mimi peke yangu," naye ananyamaza. Wale wengine nao wanamtazama yeye, wanaona ametulia, wanafikiri ameelewa. Ndiyo hali ya kundi zima kudanganyana bila mtu yeyote kusema uongo. Halafu mtihani unakuja na tunaulizana, "Kwani nawe hukuelewa?"

Je, hii ina maana kwamba kundi ni balaa, na kwamba ni heri kuanguka mbele ya mtu mmoja kuliko mbele ya watu hamsini? Hapana. Mwaka wa 2019 watafiti wengine walitoa matokeo ya uchunguzi wao wa picha za kamera za usalama za barabarani kutoka miji mitatu: Lancaster nchini Uingereza, Amsterdam nchini Uholanzi, na Cape Town nchini Afrika Kusini. Walitazama ugomvi wa kweli 219 mahali pa umma. Katika visa 9 kati ya kila 10, angalau mtu mmoja aliingilia kati: kuamua, kumvuta mgomvi kando au kumtuliza aliyepigwa. Na kadiri watu walivyokuwa wengi mahali hapo ndivyo uwezekano wa mtu kupata msaada ulivyozidi.

Mbona matokeo haya hayafanani na yale ya mwaka wa 1968? Zingatia tofauti. Wale wa vyumba vidogo hawakuonana wala hawakuweza kusemezana. Kwa wale wa moshi, waliokuwa kando yao walikuwa wamepangwa wasijali. Lakini barabarani watu wanaonana, na jambo lenyewe liko wazi: ngumi ni ngumi. Anayeingia kuamua anaona kwamba akizidiwa kuna wengine watakaomsaidia. Kwa hiyo wingi peke yake si ubaya wala si wema. Swali ni, wingi huo unaambiana nini?

Desturi ni sheria isiyoandikwa

Hapo ndipo tunapofika kwenye desturi. Desturi ni ile sheria ambayo haikuandikwa ukutani lakini kila mtu anaijua, na akiivunja anaona haya. Hebu tuitazame nchini mwetu.

Ukambani kuna mwethya. Wagikuyu wana ngwatio, Abagusii wana risaga. Majina ni mengi, lakini jambo ni moja: watu wanakusanyika kwa mmoja wao leo, wanalima, wanajenga au wanavuna, kesho wanahamia kwa mwingine. Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliitazama Wilaya ya Machakos ilivyokuwa imemomonyoka wakaona kwamba nchi hiyo imekwisha. Wakati huo ilikuwa na watu wapatao 240,000. Kufikia mwaka wa 1989 watu walikuwa wamefika takriban milioni 1.4. Mtu angetarajia kukuta jangwa. Badala yake, vilima vilikuwa vimechimbwa matuta kuzuia maji yasichukue udongo, miti imepandwa, na mavuno kwa kila mtu hayakuwa yamepungua bali yameongezeka. Masoko na fedha za waliofanya kazi mijini vilichangia, lakini sehemu kubwa ya matuta hayo ilichimbwa kwa jembe na sepetu na vikundi vya mwethya, na wengi katika vikundi hivyo walikuwa akina mama.

Sasa niulize: kwa nini wajibu haukugawanyika hapo kama mkate, kila mtu akatia kipande chake mfukoni? Kwa sababu mwethya hauachi nafasi ya kujificha. Kila mtu anajulikana kwa jina. Zamu inajulikana. Kazi inaonekana kwa macho, na asiyefika kwa mwenzake bila sababu hawezi kutazamia wenzake wafike kwake. Hakuna "lazima kuna mwingine ambaye ameshaenda," maana anayesubiriwa ni wewe, mwana wa fulani, na jembe lako. Vivyo hivyo katika harambee, mwito ambao Mzee Jomo Kenyatta aliufanya wa taifa zima tangu 1963: anayechanga anasimama mbele za watu na kiasi chake kinatajwa.

Elinor Ostrom, msomi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2009, alitumia miaka mingi kuchunguza jamii zinazotunza malisho, misitu na mifereji ya maji kwa pamoja. Aliona kwamba zile zinazodumu hufanana katika mambo fulani: wenyewe hujitungia kanuni, wenyewe hukaguana, na anayevunja kanuni hupewa adhabu ndogo kwanza, kisha kubwa akirudia. Ukitazama vizuri utaona kwamba bibi zetu wa mwethya wangemwambia hayo bila kufungua kitabu.

Mwenzetu ni nani?

Sasa nije kwenye jambo la tatu, ambalo naona ndilo zito kuliko yote. Twasema ni vizuri kumsaidia mwenzako. Sawa. Lakini mwenzako ni nani?

Mashabiki wa mpira mtalifurahia hili. Mwaka wa 2005 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya jaribio lililofanyika Chuo Kikuu cha Lancaster. Waliwaita wanafunzi wanaoishabikia Manchester United, wakawapa maswali kuhusu mapenzi yao kwa timu hiyo, kisha wakawaambia watembee hadi jengo jingine. Njiani, mtu aliyekuwa akikimbia aliteleza akaanguka, akashika kifundo cha mguu akipiga mayowe. Maumivu yalikuwa ya kuigiza, lakini wanafunzi hawakujua. Siri ilikuwa kwenye jezi. Alipovaa jezi ya Manchester United, asilimia 92 walisimama kumsaidia. Alipovaa ya Liverpool, asilimia 30. Alipovaa fulana ya kawaida, asilimia 33. Mguu ni ule ule, mayowe ni yale yale!

Lakini sikiliza sehemu ya pili. Walirudia jaribio na mashabiki wengine wa timu hiyo hiyo, ila safari hii maswali hayakuwa ya Manchester United. Yalikuwa juu ya kuupenda mpira wenyewe na furaha ya kuwa shabiki. Jamaa akaanguka tena. Mwenye jezi ya Manchester United alisaidiwa na asilimia 80, na yule wa Liverpool, adui wa jana, akasaidiwa na asilimia 70. Asiye na jezi ndiye aliyeachwa nje: asilimia 22. Maswali machache tu kwenye karatasi yalitosha kuupanua uzio, adui akawa ndani. Lakini uzio haukuondoka. Ulisogea tu, na kuna aliyebaki nje yake.

Nchini mwetu jezi tunazovaa si za mpira peke yake. Kuna jezi ambazo hatuzivui hata tukioga: kabila, dini, na nyumbani kwetu ni wapi. Mtafiti mmoja Mmarekani, Edward Miguel, alilinganisha wilaya mbili za mashambani zenye makabila mchanganyiko: Busia nchini Kenya na Meatu nchini Tanzania. Matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2004. Upande wa Busia, mahali palipokuwa na mchanganyiko zaidi wa makabila, wazazi walichangia shule za msingi kiasi kidogo zaidi na vifaa vya shule vilikuwa haba zaidi. Ni vigumu kumwaibisha asiyechanga kama si wa kwenu. Upande wa Meatu, mchanganyiko wa makabila haukuonekana kudhoofisha michango. Miguel aliitafuta sababu katika jinsi Tanzania ilivyojengwa baada ya uhuru chini ya Mwalimu Nyerere: shule zilizofundisha historia ya taifa zima, mabaraza ya vijiji, na lugha moja ya Kiswahili ambayo kila mtu aliitumia bila kuambiwa ni ya kabila fulani.

Najua kwamba kulinganisha wilaya mbili hakuthibitishi kila kitu, na lugha peke yake haijengi darasa. Waliozungumza lugha moja wamewahi kuuana. Hata hivyo, sisi wa Chama cha Kiswahili tusilipite jambo hili hivi hivi. Watu hutuuliza chama chetu ni cha nini, kama si mashairi na midahalo. Jibu langu ni hili. Tembea bwenini baada ya masomo ya jioni usikilize. Huku wameketi wa lugha hii, kule wa lugha ile, na mwanafunzi mgeni wa kabila la mbali amekaa kitandani peke yake akijifanya anasoma. Akiumwa na tumbo saa nane za usiku, atamwamsha nani? Siku ile mtu wa kwanza alipomwita kwa Kiswahili, "Njoo ukae hapa, tuna karanga," ndipo alipopata wa kumwamsha.

Ndani ya basi

Kama unadhani mambo ya jezi na uzio ni ya majaribio tu, kumbuka Mandera. Mnamo Novemba 2014 magaidi waliliteka basi katika kaunti hiyo, wakawatenga abiria wasio Waislamu, wakawaua watu 28. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Desemba 2015, basi jingine lilishambuliwa karibu na El Wak. Washambulizi waliwaamuru abiria wajitenge, Waislamu huku na Wakristo kule. Abiria Waislamu walikataa. Wanawake wengine walikuwa wameshawapa Wakristo mitandio yao wajifunike. Waliwaambia wale wenye bunduki kwamba waue wote au waache wote. Washambulizi wakaondoka. Mwalimu Salah Farah, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa miongoni mwa waliokataa, alipigwa risasi. Alifariki mwezi wa Januari 2016, na baada ya kifo chake alitunukiwa nishani ya taifa. Mwaka wa 2017 ilitolewa filamu fupi juu ya tukio hilo, nayo jina lake ni la Kiswahili: Watu Wote.

Tazama walichokifanya. Wenye bunduki walikuja na uzio wao tayari, wakataka abiria wausimamishe kwa miguu yao wenyewe. Abiria wakasema uzio wao ni basi lote. Na hakuna mmoja wao ambaye angeweza kulisema hilo peke yake likafaa kitu. Lilifaa kwa kuwa walilisema pamoja.

Mfano mwingine ni wa matatu, na huu una nambari. Sote tunazijua safari zile: dereva anaendesha kama anafukuzwa, analipita lori kwenye kona, na abiria kumi na wanne wamekaa kimya wakishika viti. Kila mmoja moyoni anaomba Mungu, na kila mmoja anamtazama jirani, anaona ametulia tuli. Ni ule moshi wa mwaka wa 1968! Mwaka wa 2008 watafiti walibandika stika ndani ya baadhi ya matatu za Kenya, zikiwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha vibaya. Zaidi ya matatu 2,000 zilihusishwa, nyingine zikipewa stika na nyingine zisipewe, na madereva walioziacha stika mahali pake waliweza kushinda zawadi. Katika zile zilizopewa stika, madai ya bima yanayotokana na ajali yalipungua kwa nusu hadi thuluthi mbili. Utafiti mwingine mkubwa zaidi, uliochapishwa mwaka wa 2015 na kuhusu magari zaidi ya 12,000, ulionyesha kupungua kwa kati ya asilimia 25 na 33.

Karatasi ndogo ya gundi! Haikurekebisha breki wala barabara. Mimi nafikiri nguvu yake ni hii: abiria aliyetaka kusema alijua kwamba wenzake nao wameisoma. Akisema, "Dereva, pole pole bwana," hatakuwa mwoga peke yake ndani ya gari. Atakuwa anafuata sheria ya gari, na mwingine wa kiti cha nyuma ataitikia, "Ndiyo, punguza!"

Desturi ya kunyamaza

Sasa nilete mambo nyumbani. Shuleni tuna desturi nyingi nzuri, lakini tuna moja ya hatari: anayesema ni msaliti. Anayetoa habari kwa mwalimu anaitwa majina, anatengwa, hata viatu vyake hupotea. Ukiuliza desturi hiyo inamlinda nani, utaambiwa "inatulinda sisi." Sisi akina nani?

Usiku mmoja wa Machi 2001, katika Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, wavulana 67 walikufa katika bweni lililochomwa kwa makusudi. Mwaka wa 2016 shule zaidi ya mia moja zilikumbwa na visa vya moto. Mambo kama haya aghalabu hayapangwi na mtu mmoja gizani bila mwingine kusikia fununu. Kuna anayesikia mnong'ono kwenye foleni ya chakula. Kuna anayeona chupa ya mafuta. Anawatazama wengine, anaona wote kimya, anadhani wote wamekubali. Na wale wengine wanamtazama yeye. Kama darasa la hesabu, ila hapa mtihani ni moto. Mara nyingi wanaotaka vurugu ni watu watano na wasioitaka ni mia tatu, lakini wale watano wanapiga kelele na wale mia tatu kila mmoja anafikiri yuko peke yake.

Namwambia mwenzangu waziwazi: anayetaka kulifungia bweni kwa nje halafu aliwashe, huyo ndiye aliyetusaliti. Anayekwenda kwa mwalimu anayemwamini, kwa matroni au kwa kasisi usiku huo huo, ameokoa watu, na baadhi yao ndio watakaomtukana asubuhi wakiwa hai.

Tufanyeje basi?

Haitoshi kusema "tupendane." Kupendana kumehubiriwa kwenye gwaride tangu shule ijengwe na bomba bado linavuja. Napendekeza mambo manne yanayotokana na yale niliyoyaeleza.

Kwanza, ukihitaji msaada penye watu wengi, usiliite kundi. Mwite mtu. Usiseme "Jamani saidieni!" Nyosha kidole useme, "Wewe wa sweta ya kijani, kimbia umwite matroni. Wewe mrefu, fungua madirisha." Mkate umerudi kuwa mzima mikononi mwa mtu mmoja, na hawezi kuutia mfukoni.

Pili, uwe sauti ya kwanza. Mwenzako akianza kuhema usiku na mkaribu wake amejifunika blanketi, usingoje kuona nani ataamka. Ukisema tu, "Jameni, huyu haumwi kidogo, mnaonaje?" umekwisha kuwavua wote ile barakoa ya utulivu. Darasani vilevile: mkono mmoja ukiinuliwa kusema "Mwalimu, sijaelewa," utaiona mingine kumi ikifuata.

Tatu, tuandike majina. Bomba lenye jina la mtu wa zamu wiki hii litafungwa. Kitanda cha mwanafunzi mwenye pumu kiwe na majirani wawili wanaojulikana kwamba ndio wa kumwangalia usiku, nao wajue dawa yake ya kuvuta iko wapi. Mwethya ulituonyesha hayo zamani.

Nne, na hili ndilo gumu, tuusogeze uzio mara kwa mara na kuuliza nani amebaki nje. Tukisema "sisi wa Kidato cha Nne," wadogo wako nje. Tukisema "sisi wa shule hii," mpishi, mlinzi na mama anayetuuzia maandazi langoni wako nje. Kila tunaposema "sisi," tuhesabu.

Walimu wetu wapendwa nanyi nawaomba jambo moja. Mwanafunzi akija usiku kuwaambia neno, jina lake lisitajwe kwenye gwaride, hata kwa kumsifu. Desturi ya kunyamaza haitavunjwa na wanafunzi peke yao ikiwa kusema kunamletea msemaji taabu.

Kalamu naiweka chini, kengele ya masomo ya jioni imelia. Ukipita nyuma ya mabweni, tafadhali lifunge lile bomba.